Ngazi, trei au kikapu cha waya? Na kebo zifungwe na nini?

Swali hili kwa kawaida hunifikia likiwa na nukuu tatu za bei: moja ya ngazi ya kebo, moja ya trei ya matundu, moja ya kikapu cha waya. "Fundi, ipi ni nzuri?" Zote tatu zinabeba kebo, na zote tatu zikiwa mpya dukani zinang'aa sawa. Tofauti huja baadaye, pale uzito, joto, chumvi ya hewani, moto au shoti vinapoingia. Msimamo wangu niuseme mapema: watu hubishana sana kuhusu trei na hawabishani kabisa kuhusu kifungio, wakati kebo zikidondoka, mara nyingi trei yenyewe bado iko nzima ukutani. Kwa hiyo nitalinganisha vitu viwili: kinachobeba, na kinachoshika.

Nazungumzia umeme wa kawaida wa volti 230/400 kwenye majengo, magodauni na viwanda vidogo. Namba za kupunguza mzigo nimezitoa kwenye BS 7671, kanuni za Uingereza ambazo mafundi wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda wamesomea, na za umbali wa vifungio kwenye kitabu cha mwongozo wake, On-Site Guide.

Ngazi dhidi ya trei ya matundu

Ngazi ina mihimili miwili ya pembeni na vipago katikati, mara nyingi kila milimita 300. Trei ya matundu ni bati lililokunjwa kingo na kutobolewa chini. Kwa bei ya mita moja, trei nyepesi huwa chini. Hapo ndipo wengi hukata shauri, na hapo ndipo hesabu huwa haijaanza.

Chukua kebo tano za shaba zenye deraya, yaani nyaya za chuma zinazoikinga kebo chini ya ganda, kila moja ikiwa na nyaya nne za milimita mraba 240 ndani. Kebo moja ya namna hiyo ina unene wa kama milimita 60 na uzito wa karibu kilo 12 kwa mita. Tano zikilazwa sambamba zinajaza milimita 300, kwa hiyo utanunua upana wa 450, na kila mita inabeba kilo 60. Ukiweka braketi kila mita 3, kila nafasi ina kilo 180, bila kumhesabu kijana atakayekanyaga juu yake hata ukimkataza. Ngazi nzito yenye mihimili ya milimita 100 hubeba mzigo huo bila shida. Trei nyepesi haiwezi. Itakulazimisha kuweka braketi kila mita moja na nusu au chini ya hapo. Sasa hesabu upya: braketi mara mbili, rodi mara mbili, bolti za kutanuka mara mbili, na siku za kutoboa zege mara mbili. Ile mita ya bei nafuu imeshapita bei ya ngazi, na bado hujalipa kibarua cha kushika jukwaa.

Muuzaji wa kweli ana jedwali la uzito salama kwa kila umbali wa braketi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61537 kinataka trei au ngazi, ikibeba uzito huo, isipinde katikati zaidi ya sehemu moja ya mia ya umbali, yaani milimita 30 kwa mita 3, na ihimili mara 1.7 ya uzito huo bila kuanguka. Ukiuziwa trei isiyo na jedwali, umeuziwa bati lililokunjwa.

Kebo nyembamba hubadilisha mambo. Kebo ya milimita mraba 2.5 au 4 ikilazwa kwenye ngazi hulegea kati ya kipago na kipago, na baada ya miezi kadhaa utaona mawimbi. Kwa kebo za taa na soketi trei ya matundu ni bora, maana inazishika chini mfululizo na matundu yake yanakupa mahali pa kufungia popote.

Joto ndilo linalosahaulika. Kebo sita zikipangwa safu moja huku zikigusana, kwenye ngazi unazidisha uwezo wa kila kebo kubeba umeme kwa 0.79, kwenye trei ya matundu kwa 0.73. Zikirundikwa fungu moja, au zikifungiwa ndani ya trankingi, yaani mfereji wenye kifuniko, unazidisha kwa 0.57. Ongeza bati la paa. Chini ya mabati ya godauni mchana wa Februari, nyuzijoto 45 si habari, na kwa kebo ya PVC unazidisha tena kwa 0.79. Kwa hesabu ya makadirio, kebo ambayo ingebeba ampea 100 ikiwa peke yake kwenye nyuzijoto 30 inabaki na 62 kwenye ngazi, na 45 kwenye fungu. Ni kebo ileile, umepoteza ampea 17 kwa sababu ya mpangilio tu.

Nalitaja fungu makusudi. Wapo mafundi wanaopenda kukusanya kebo zote na kuzikaza kama mzigo wa miwa, na mwenye jengo akiona anasifia unadhifu. Ukifanya hivyo juu ya ngazi, umenunua ngazi na kulipia hewa ambayo kebo za katikati hazitaipata. Zilazwe safu moja, zinyooke, na fungu liachwe kwa kebo za simu.

Pia angalia nani mwingine anaishi humo. Kwenye kinu cha unga, trei huwa sahani ya kukusanyia vumbi, na vumbi la unga linashika moto. Ngazi huliacha lidondoke. Kwenye ghala la nafaka panya atatembea kwenye zote mbili bila kuuliza, kwa hiyo huko kebo yenye deraya si anasa.

Kikapu na trankingi

Kikapu cha waya sina mengi ya kukieleza. Ni chepesi, kinakatwa kwa mkasi wa bolti, kinapinda kona bila kununua kona, na kwa kebo za mtandao na kamera hakina mpinzani. Kwa kebo nene za umeme sikipendi. Uzito wote unakaa juu ya waya wa milimita 4 au 5, na ganda la kebo hupata mikunjo pale linapoegemea. Kebo za mtandao nazo zisikazwe kwa tai ngumu, zile kamba za kufungia kebo. Mkanda wa kunata wa kitambaa unatosha, na zilazwe mbali na za umeme au kuwe na kizuizi katikati.

Trankingi ya chuma inafaa pale kebo zinapofikiwa na mikono ya watu, au nyaya zikiwa hazina ganda la pili. Isijazwe zaidi ya asilimia 45 ya nafasi yake. Trankingi ya plastiki nitairudia kwenye habari ya moto, maana huko ina kesi.

Chumvi: zinki ya namna gani?

Mtu wa Dodoma na mtu wa Nyali, pwani ya Mombasa, wakiuliza swali moja hapa, lazima wapate majibu mawili.

Trei za kawaida hutengenezwa kwa bati lililokwisha kupakwa zinki kiwandani, lile la daraja Z275: gramu 275 kwa mita mraba pande zote mbili kwa pamoja, sawa na mikroni (sehemu za elfu za milimita) kama 20 kila upande. Zile zilizochovywa kwenye zinki ya moto baada ya kukatwa na kutobolewa, kwa kiwango cha ISO 1461, hupata wastani usiopungua mikroni 55 kwenye bati la unene wa milimita 1.5 hadi 3. Tofauti haiishii kwenye unene. Bati la kwanza likitobolewa, ukingo wa kila tundu unabaki chuma kitupu. La pili limechovywa likiwa na matundu yake, kwa hiyo kingo zimefunikwa.

Kiwango cha ISO 9223 kimegawa mazingira kwa jinsi yanavyokula metali. Kwenye daraja C5, ambalo pwani yenye chumvi nyingi huangukia, zinki hupotea mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Gawa mwenyewe: mikroni 20 zinaisha kati ya miaka miwili na mitano, mikroni 55 kati ya miaka sita na kumi na tatu. Kwenye C2, hewa kavu isiyo na uchafu mwingi, hupotea chini ya mikroni 0.7, na hapo bati la kawaida linakaa miongo. Kwa hiyo ofisi ya ndani Dodoma ikitumia Z275 imefanya sawa, na anayemwuzia zinki ya kuchovya anamwongezea gharama bure. Hoteli ya ufukweni Diani au Paje ikitumia Z275 kwenye korido ya wazi, itabadilisha trei kabla rangi ya vyumba haijachakaa.

Ukifika kwenye trei kama hiyo, usitazame uso wake, uso huwa wa mwisho kuonyesha. Pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu lililo chini ya braketi, na kwenye sehemu iliyokatwa na grainda. Kutu huanza pale kama mstari mwembamba wa rangi ya chai, kisha hupanda juu ya zinki. Kila mahali palipokatwa saiti panatakiwa kupigwa msasa wa kutoa makombo na kupakwa rangi ya zinki siku hiyohiyo. Fundi atakwambia atapaka zote mwishoni. Hapaki.

Chuma cha pua cha daraja 316, chenye molibdeni ndani, ndicho cha kuweka pale povu la bahari linapofika. Daraja 304 hukaa vizuri jikoni na huota madoa ufukweni. Bei ya 316 inauma, na kwa maoni yangu haifai kwa jengo zima. Weka kwenye mita zile zilizo wazi upande wa bahari, ndani tumia iliyochovywa. Nati, bolti na washa zifuate daraja la trei. Nimeona trei iliyochovywa vizuri ikining'inia kwa bolti za bei rahisi zilizokuwa zimebaki vumbi jekundu.

Tai ya nailoni, tai ya chuma, au kliti?

Hapa ndipo ningependa mtu atumie muda wake.

Tarehe 6 Aprili 2010, nyumba iliwaka kwenye jengo refu la Shirley Towers mjini Southampton, Uingereza. Kebo zilizokuwa zimepita ndani ya trankingi ya plastiki ziliachiwa na joto, zikaning'inia, na wazimamoto wakanasa humo gizani, katikati ya moshi. Wawili walikufa. Kifo cha namna hiyo kilikuwa kimetokea Stevenage mwaka 2005 pia. Kutokana na hayo, marekebisho ya BS 7671 ya mwaka 2015 yalitaka kebo za kwenye njia za kutorokea zishikwe na kitu kisichoanguka mapema kwenye moto, na toleo la 18 la mwaka 2018 likapanua sharti hilo kwa jengo zima.

Nailoni ya tai za kawaida huyeyuka karibu na nyuzijoto 260, na hulegea kabla ya hapo. Kazi yake ya kila siku imewekewa ukomo wa kama nyuzijoto 85. Chumba kinachowaka hupita hapo haraka sana. Lakini sharti lenyewe lisomwe vizuri, maana wapo waliotoka nalo wakidhani nailoni imepigwa marufuku. Haijapigwa. Kebo iliyolala juu ya trei ya chuma iliyo mlalo inabebwa na trei. Tai ya nailoni ikiyeyuka, kebo inabaki palepale. Kinachokatazwa ni nailoni kuwa ndiyo pekee inayozuia kebo isianguke: kebo zilizofungwa chini ya tumbo la trei, trei iliyosimamishwa wima ukutani, kebo zilizobanwa moja kwa moja kwenye dari au ukuta, na trankingi ya plastiki ikiwa ndiyo mshikaji pekee. Hapo weka chuma. Na rodi inayoning'iniza trei isiingie kwenye plagi ya plastiki kwenye zege, kwa sababu ileile. Tumia bolti ya kutanuka ya chuma.

Nailoni ina ugonjwa mwingine huku kwetu. Ile nyeupe ikikaa juani hukauka, ukiigusa inakatika vipande kama biskuti. Nyeusi yenye kaboni iliyotengenezwa kwa ajili ya jua inadumu zaidi, ila si kila tai nyeusi ni ya jua. Pakiti isipoandika hivyo, ichukulie kuwa ni rangi tu.

Tai ya chuma cha pua inavumilia moto na jua. Ubaya wake ni makali. Ikivutwa kwa koleo na fundi mwenye hasira inakata ganda la kebo, na mkia wake usipokatwa sawasawa unakata mkono wa atakayekuja baadaye. Nunua iliyofunikwa kwa plastiki nyembamba, tumia bunduki yake ya kukazia yenye kipimo, na ukaze mpaka kebo isiteleze, basi.

Kuhusu umbali: kwa kebo ya deraya yenye unene wa milimita 20 hadi 40, kifungio kila milimita 450 ikiwa mlalo na kila 600 ikiwa wima. Kwa wima usiache uzito wote uning'inie kwenye glandi ya juu, kile kishikizo cha kuingizia kebo kwenye boksi. Kebo ile ya kilo 12 kwa mita, ikipanda ghorofa kumi, ni kilo 350 na ushei zinazovuta kuelekea chini mchana na usiku. Huko tai hazifai, hata za chuma. Panda na ngazi na kliti.

Kliti ni kishikizo kinachofungwa kwa bolti kwenye kipago au chaneli, kikiikumbatia kebo moja au tatu kwa pamoja. Kinaonekana ghali mpaka ufanye hesabu ya shoti. Transfoma ya kVA 1000, volti 400, yenye impidansi (ukinzani wake wa ndani) ya asilimia 6, inaweza kutoa mkondo wa shoti wa karibu kiloampea 24 kwenye vituo vyake. Kilele cha kwanza hufika kama kiloampea 50, ndani ya milisekunde kumi hivi, kabla breka ya kawaida haijafungua. Kama umetoka na kebo za waya mmoja mmoja, tatu zikiwa zimekaa pembetatu, katikati ya moja hadi nyingine milimita 35, kanuni ya IEC 61914 inasema: 0.17 mara kilele mara kilele, gawanya kwa umbali kwa mita. Unapata niutoni 12,000 kwa kila mita, zikizisukuma kebo zitengane. Hiyo ni zaidi ya tani moja kwa mita.

Sasa weka vifungio kila milimita 600. Kila kimoja kinatakiwa kuzuia niutoni 7,300 hivi. Tai ya nailoni ya upana wa milimita 4.8 inazuia kama 220. Ya milimita 7.6 inazuia kama 530. Tai ya kawaida ya chuma inapanda hadi mia kadhaa, labda elfu moja. Hakuna hata moja inayokaribia. Ndiyo maana kebo za waya mmoja kutoka kwenye transfoma au jenereta kubwa hufungwa kwa kliti zilizopimwa kwa shoti, na cheti chake kiombwe chenye kilele cha mkondo na umbali wa kliti uliotumika kwenye jaribio. Cheti kisicho na namba hizo mbili hakikusaidii.

Kebo yenye nyaya zote ndani ya ganda moja na deraya haiko kwenye hatari hiyo kwa kiasi kile, kwa kuwa nguvu zinashindana ndani ya ganda lenyewe. Kwa kazi nyingi ndogo hiyo ndiyo habari njema: chagua kebo ya nyaya nne, na tai ya chuma au sadoli (kishikizo kinachokazwa kwa skrubu) inatosha. Na kwa waya mmoja mmoja, usiufunge mmoja peke yake kwa pete ya chuma kinachoshikwa na sumaku. Pete hiyo hupata moto yenyewe. Kliti za alumini, za plastiki ngumu iliyopimwa, au chuma cha pua kisichoshika sumaku ndizo za hapo.

Ningechagua nini

Godauni la Dar lenye kebo nene chache kutoka kwenye transfoma hadi ubao mkuu: ngazi iliyochovywa, braketi kila mita 3, kebo za nyaya nne safu moja, tai za chuma zilizofunikwa. Zikiwa za waya mmoja mmoja, kliti, bila mjadala.

Ofisi ya ghorofa Nairobi au Dodoma, kebo nyingi nyembamba juu ya dari: trei ya matundu ya Z275 kwa umeme, kikapu pembeni kwa mtandao, nailoni kwa kebo zilizolala juu ya trei, chuma kila zinapogeuka wima au kupita chini. Kwenye korido za kutorokea nisingeweka nailoni hata pale inaporuhusiwa, kwa sababu fundi wa miaka mitano ijayo ataongeza kebo chini ya trei na kuifunga na kilichoko mfukoni.

Hoteli ya ufukweni: zinki ya kuchovya ndani, 316 nje upande wa bahari, tai za 316, rangi ya zinki kwenye kila mkato. Viungo vya trei vifungwe waya wa ethi wa shaba iliyopakwa bati, si shaba tupu, maana shaba tupu ikigusa zinki kwenye unyevu wa chumvi, zinki ndiyo inayoliwa.

Kama bajeti imekatwa na lazima kitu kipungue, punguza upana wa akiba kwenye trei, au shuka kutoka 316 hadi iliyochovywa kwenye sehemu zisizopigwa na upepo wa bahari. Vifungio usiviguse. Njia ya mlalo ya mita 30 yenye kebo moja, kifungio kila milimita 450, ni tai 67. Weka bei ya tai 67 za chuma kando ya bei ya mita 30 za kebo yenyewe, umwonyeshe mwenye jengo hizo namba mbili tu, kisha umwache aamue.